Kufuatilia fedha za viwanja Lamu: kikao, barua, ombi au kamati ya mtaa?

Baada ya sala ya alasiri, uwanja wa Mkunguni mjini Lamu haukosi watu. Wazee wamekaa kivulini mbele ya Ngome, watoto wana mpira wao, punda anapita na mifuko ya saruji mgongoni na kila mtu anamhepa bila kukatiza mazungumzo. Hapo ndipo mzee mmoja aliponiuliza swali lililonifanya niandike haya. "Mwanangu," alisema, "mimi siasa siitaki. Nataka kujua lile benchi lilikuwa shilingi ngapi, na nani atalipaka rangi likichakaa."

Swali hilo lina sehemu mbili, na kila sehemu ina njia yake. Ndiyo maana watu wengi hukwama: wanajua wana haki ya kuuliza, lakini hawajui waende kwenye kikao, waandike barua, wapeleke ombi kwa Bunge la Kaunti au waunde kamati yao. Hapa nazilinganisha njia hizo nne, na ya tano, mahakama, nitaigusa kwa ufupi.

Jambo moja kwanza, maana ukilikosa utahangaika bure. Lamu ni manispaa, si jiji, na fedha za viwanja hazikai kwenye droo moja. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti kazi ya bustani, fukwe na sehemu za burudani. Lakini ndani ya bajeti, uwanja wa mpira kama wa Twaif unaweza kuwa chini ya idara ya michezo na vijana, bustani ya ukingo wa bahari chini ya manispaa, taa chini ya kazi za umma, na ufagiaji chini ya mazingira. Na si kila kitu ni cha kaunti. Ngome yenyewe, iliyokuwa jela hadi 1984, iko mikononi mwa Makavazi ya Kitaifa. Ukiiuliza kaunti kuhusu mlango wa Ngome umebisha hodi nyumba siyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, njia yoyote utakayoichagua, ni kujua jina la fungu lako, yaani sehemu ya bajeti iliyotengewa jambo lako, kwenye kitabu cha makadirio ya bajeti. "Bustani" huenda usilione kabisa. Utaona "uboreshaji wa maeneo ya umma" au "ukarabati wa miundombinu ya michezo", na hapo ndipo benchi la mzee wetu lilipojificha.

Vigezo

Kila njia nimeipima kwa mambo matano. Wakati: inafaa fedha zikiwa hazijapangwa, zikitumika, au zikishatumika? Gharama: nauli ya boti, siku ya kazi, karatasi. Nguvu: sheria inamlazimisha nani kufanya nini? Kasoro. Na mwisho, inamfaa nani.

1. Kikao cha maoni ya bajeti

*Wakati.* Hii ni njia ya kabla. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini maamuzi huanza zamani. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika Bunge la Kaunti kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Waraka wa mkakati wa fedha, ule unaoziwekea idara viwango vya juu vya matumizi, hufika kufikia 28 Februari. Makadirio yenyewe hufika kufikia 30 Aprili, na yanapaswa kuwa yamepitishwa mwezi Juni ukiisha.

Watu wengi hujitokeza Mei, makadirio yakishafika. Wakati huo mengi yameshaamuliwa. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema Bunge la Kaunti likibadilisha makadirio, fungu la idara lisipande wala kushuka zaidi ya asilimia 1 ya kiwango chake. Maana yake, Mei unaweza kuomba uwanja huu badala ya ule ndani ya idara moja, lakini huwezi kuichukulia idara nyingine fedha nyingi ukazipeleka viwanjani. Mwenye kutaka hivyo aende Februari, waraka wa mkakati unapojadiliwa. Na akumbuke kwamba Bunge lina siku 14 tu za kuuamua ukishawasilishwa, basi asingoje kuitwa mara mbili. Hata hali ya hewa inakubali: Februari bahari haina ubishi mkubwa. Mwisho wa Aprili masika imeshika, kusi inaanza, na mtu wa Faza au Kiunga hufikiri mara mbili kabla ya kupanda boti kwa ajili ya kikao cha saa tatu.

*Gharama.* Nauli, nusu siku au siku nzima, na subira. Ukiwa kisiwani na kikao kiko Mokowe, upande wa bara, piga hesabu ya boti kwenda na kurudi.

*Nguvu.* Katiba, kifungu cha 196 na 201, inadai ushirikishwaji wa umma, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaitaka kamati ya bajeti ya Bunge la Kaunti izingatie maoni ya wananchi. Si maneno ya kupamba. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Lakini kuzingatia si kukubali. Wanaweza kukusikiliza, wakaandika ulichosema, na wasikifanye.

*Kasoro.* Dakika zako ni mbili au tatu, na kabla yako amesimama mama anayeuliza kwa nini zahanati haina dawa. Ukisimama baada yake kuomba bembea, utajiona huna haya. Dawa yake ni karatasi. Peleka maoni yako kwa maandishi, nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Taja ukurasa, taja fungu, na useme fedha zitoke wapi, kwa sababu kisheria Bunge halipandishi fungu moja bila kupunguza jingine. Anayesema "tuongezewe" bila kusema "punguzeni hapa" amewaachia wao kazi ngumu, nao hawataifanya.

*Inamfaa* mwenye jambo jipya la kuomba, na mwenye uwezo wa kuondoka kazini siku iliyopangwa na wengine. Mvuvi, mama lishe au nahodha hapangi siku hiyo yeye. Anapangiwa.

2. Barua ya kuomba taarifa

Hii ndiyo njia ninayoijua vizuri kuliko zote, kwa sababu nilianza kwa kuiharibu. Barua yangu ya kwanza kwa ofisi moja ya umma iliomba "taarifa zote kuhusu viwanja vya michezo na burudani". Nilijiona shujaa. Jibu likaja kwa upole: taarifa zipi, za mwaka gani, za uwanja upi? Kosa lilikuwa langu. Ya pili niliandika mistari sita, nikapata kurasa nne zenye maana.

*Wakati.* Wowote, lakini hasa fedha zikiwa zinatumika au zimeshatumika. Kaunti inapaswa kutoa taarifa ya matumizi kila robo ya mwaka, mwezi mmoja baada ya robo kwisha, kwa hiyo ukiandika mwezi wa pili wa robo inayofuata hakuna wa kukuambia hesabu hazijafungwa.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote. Sheria ya upatikanaji wa taarifa ya 2016 haikutozi kwa kuomba. Unachoweza kulipishwa ni gharama ya kutoa nakala. Unaandika kwa Kiswahili ukitaka, sheria inakubali Kiswahili na Kiingereza sawa, na asiyejua kuandika anaweza kusema afisa akamwandikia. Hii ya mwisho wengi hawaijui, na mji wetu una wazee wengi wenye maswali mazuri na mikono isiyoshika kalamu.

*Nguvu.* Hapa pana meno. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, na inaweza kujiongezea siku zisizozidi 14 kwa sababu maalumu. Ikinyamaza, sheria inahesabu kuwa imekataa, na wewe una siku 30 za kulipeleka suala kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman. Kisingizio cha "afisa wa taarifa hajateuliwa" hakina mguu: kisheria mkuu wa taasisi ndiye afisa wa taarifa mpaka atakapompa mwingine kazi hiyo.

Uulize nini? Hapa ndipo ningekaa kidogo, maana barua nyingi huuliza nusu ya swali. Bajeti ya kaunti ina sehemu mbili: maendeleo, ambayo sheria inataka isipungue asilimia 30, na matumizi ya kawaida. Kujenga bustani ni maendeleo. Mlinzi wake, maji ya kumwagilia, rangi, kufagia, kubadilisha balbu, hayo yote ni matumizi ya kawaida. Mradi huzaliwa katika sehemu ya kwanza na kulelewa katika ya pili, na mlezi mara nyingi hatajwi siku ya ufunguzi. Watu hupiga makofi, utepe unakatwa, na baada ya mwaka mmoja bembea imekaa upande.

Kwetu jambo hili ni zito kuliko bara. Upepo wa chumvi hauna huruma na chuma. Vifaa vinavushwa kwa boti, halafu vinabebwa na punda au mkokoteni, kwa hiyo kila kipuri kina nauli yake. Benchi la chuma lililochaguliwa kutoka kwenye picha, likaota kutu huku kwetu, si lazima liwe wizi. Linaweza kuwa uamuzi wa mtu ambaye hajawahi kuishi pwani. Wazee wetu walijenga baraza za mawe mbele ya nyumba zao na watu bado wanazikalia, wala hakuna fungu la kuzikarabati. Basi barua nzuri inauliza matatu: gharama ya kujenga, fungu la kutunza kwa mwaka huu na ujao, na nakala ya mkataba pamoja na orodha ya vifaa na bei, ile mafundi wanayoiita BQ. Hiyo BQ ndiyo inayojibu swali la benchi.

*Kasoro.* Barua inakupa karatasi, haikupi uwanja. Na karatasi zenyewe zina lugha ya wahasibu. Bila mtu wa kukusaidia kuzisoma unaweza kulia wizi mahali penye kosa la kujumlisha, au kupita juu ya wizi ukadhani ni kosa la kujumlisha.

*Inamfaa* mtu mmoja, asiyependa mikutano, mwenye subira ya mwezi mmoja na faili la kuweka nakala.

3. Ombi kwa Bunge la Kaunti

*Wakati.* Mambo yakiwa yameshakwama: mradi umesimama, uwanja umezungushwa uzio bila maelezo, au fungu lililopitishwa limeondolewa kwenye bajeti ya ziada katikati ya mwaka. Hilo la bajeti ya ziada liangalieni sana. Watu hulinda bajeti ya Juni halafu wakalala.

*Gharama.* Fedha kidogo, miguu mingi. Majina, namba za vitambulisho, saini au alama za vidole. Kuzunguka Langoni na Mkomani kukusanya saini mia ni kazi ya jioni kadhaa, na kila mlango una kahawa yake.

*Nguvu.* Haki ya kupeleka ombi imo katika kifungu cha 37 cha Katiba na katika sheria ya serikali za kaunti ya 2012. Ombi likipokelewa, hupelekwa kwa kamati, na kamati ina uwezo wa kumwita afisa aje aeleze. Barua humfanya afisa atafute faili. Ombi humfanya aje na faili mkononi. Linapata uzito zaidi likiwa na ukurasa wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye Katiba inamtaka akamilishe ripoti zake ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kabla ya Januari. Ripoti hizo ziko wazi kwa kila mtu. Zile za Msimamizi wa Bajeti pia.

*Kasoro.* Linapita mikononi mwa wanasiasa. Mwakilishi wa wadi yako anaweza kulibeba kwa moyo, au akaliona kama ushindani na yeye. Pia lina masharti ya umbo: lugha ya heshima, maelezo ya hatua mlizokwisha kuchukua, na suala lisiwe mahakamani. Ombi lililojaa matusi hurudi, na waliotia saini hawatasaini tena.

*Inamfaa* mtaa wenye umoja na ushahidi tayari mkononi. Bila ushahidi ni orodha ya majina tu.

4. Kamati ya mtaa

*Wakati.* Kazi ikiwa inaendelea, fundi yuko uwanjani.

*Gharama.* Muda, kila wiki, kwa miezi. Nauli hakuna, uwanja uko hapo nje.

*Nguvu.* Kisheria ni ndogo. Sheria ya miji na majiji ya 2011 inawapa wakaazi nafasi ya kukutana katika baraza lao, kujadili makadirio ya bajeti na mipango, na kuwaalika viongozi na wasimamizi wa mji waje. Haiwapi amri juu ya mkandarasi. Nguvu yake hasa ni macho. BQ ikisema taa kumi na mbili za sola na ninyi mnahesabu nane, hamhitaji wakili kwa hesabu hiyo. Picha yenye tarehe, daftari la nani alikuja na nini kilishushwa gatini, jina la aliyeandika. Basi.

Na kina mama wawemo, si kwa hisani. Wao ndio wanaojua saa ngapi mtoto anaweza kwenda kucheza, wapi giza linaanza mapema, na kwa nini msichana wa miaka kumi na miwili haendi uwanja ule hata ungepakwa dhahabu. Kamati ya wanaume watupu itakagua magoli na kusahau choo.

*Kasoro.* Mji ni mdogo. Mkandarasi ni mjomba wa mtu, mlinzi ni shemeji wa mtu. Kamati huanza na watu kumi na tano na kubaki na watatu, au humezwa: mwenyekiti anapewa kibarua kwenye mradi uleule, na daftari linaacha kuandikwa. Wekeni sharti mapema kwamba mwenye maslahi atoke, na kwamba daftari lisikae kwa mtu mmoja.

*Inamfaa* mtaa ulio karibu na uwanja na unaoutumia kila siku. Timu ya mpira yenye katibu makini inatosha kuanzia.

Na mahakama?

Lamu inaijua njia hii kuliko kaunti nyingi. Wavuvi walifungua shauri la bandari ya LAPSSET, ule mradi wa uchukuzi wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, mwaka 2012, na Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua 30 Aprili 2018, ikataja fidia ya shilingi bilioni 1.76. Juni 2019 mahakama maalumu ya rufaa za mazingira ikafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, na upungufu wa ushirikishwaji ukiwa miongoni mwa sababu. Ushindi mkubwa wote wawili. Lakini hesabu miaka ya ule wa kwanza: mtoto aliyekuwa akililia bembea shauri linafunguliwa, siku ya hukumu ana ndevu. Kwa fungu la viwanja, mahakama iachwe kwa jambo lisilorekebishika, kama uwanja wa umma unapotaka kugeuzwa mali ya mtu.

Kwa hali yako

Ikiwa mtaa wenu hauna mahali pa watoto kabisa na hakuna mradi wowote, anza na kikao, na uanze Septemba kwenye mpango wa mwaka, urudi Februari. Mradi usiotajwa kwenye mpango wa Septemba hupata tabu kuingia kwenye makadirio ya Aprili.

Ikiwa kitu kimejengwa na kinaoza, andika barua, uulize fungu la matengenezo. Ukijibiwa kwamba halipo, una jambo la kupeleka kikaoni msimu ujao. Ukinyimwa jibu, njia ya kwenda kwa Tume iko wazi siku ya 22, kama hukuambiwa wameongeza muda.

Ikiwa mafundi wamefika wiki hii, usipoteze siku kuandika ombi. Fanyeni kamati leo jioni, na mmoja wenu aandike barua ya BQ kesho asubuhi. Njia hizi mbili zikitembea pamoja hufanya kazi kuliko kila moja peke yake.

Ikiwa barua zimenyamaziwa, kamati ina daftari lililojaa na mradi umesimama, hapo ombi lina chakula cha kula. Kama huna hata kimoja kati ya hivyo, subiri.

Na ikiwa uko Shela au Matondoni na huwezi kuja mjini kila mara, barua inasafiri bila wewe. Mpe nahodha unayemwamini, na umwombe akurudishie nakala iliyogongwa muhuri.

Yule mzee wa Mkunguni alichagua barua. Tuliiandika pamoja barazani kwake, mistari saba, yeye akisema mimi nikiandika, na alinisahihisha mara mbili niliposema "samani" badala ya "benchi".